Kumpokea mwanafunzi wa kubadilishana nyumbani Lamu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwaka huu pekee nimepigiwa simu na nyumba tatu, mbili za hapa Langoni na moja ya Shela, na zote zina shida moja. Mtoto wa watu, mwanafunzi wa kigeni aliyeletwa na programu ya kubadilishana wanafunzi, kaja vizuri, wiki ya kwanza vicheko, wiki ya tatu anajifungia chumbani, hali, hasemi, na mama wa nyumba naye kachoka hajui alipokosea. Nyumba moja mtoto alihamishwa hata muhula haujaisha. Mimi nimekaa na wanafunzi wanne mpaka sasa, wote wa sekondari, na yule wa kwanza nilimkosea vile vile kwa hivyo hili jambo nalijua kwa ndani.

Kosa lenyewe ni kwamba tunampokea kama mgeni. Mgeni wetu hatumtumi, hatumkatazi kitu, tunampa kipande kikubwa cha samaki na tunakaa tukimngoja aondoke. Huyu haondoki. Anakaa miezi mitatu, wengine mwaka mzima wa shule, na amekuja ili awe mtoto wa nyumba. Ukimfanya mgeni atachoka yeye na utachoka wewe. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye hilo moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujasema ndio

Usikubali kwa mdomo ukidhani vitu vitapatikana mbele ya safari. Viwe vipo:

- Kitanda chake mwenyewe, cha kudumu. Sheria ya Marekani kwa familia za kule zinazopokea wanafunzi wa sekondari inasema kitanda kisiwe cha kukunjua wala cha kujaza upepo, na kama analala na mwenzake chumbani awe mmoja tu na wa jinsia moja naye. Sisi sheria hiyo haitufungi lakini ni kipimo kizuri, mimi nakifuata.
- Chandarua kisichotoboka. Kiangalie kwenye mwanga.
- Feni, na soketi inayofanya kazi karibu na kitanda. Plagi zetu ni za miguu mitatu ya bapa kama Uingereza, anayetoka Ujerumani, Italia au Marekani anahitaji adapta. Nunua moja uweke.
- Mahali pa nguo zake, na kitu kimoja chenye kufuli cha kuweka pasipoti na pesa.
- Meza ya kusomea. Kidaka cha ukutani hakitoshi, nimejaribu.
- Maji ya kunywa ya kutosha, ya chupa kubwa au ya kuchemsha, yenye chombo chake na kifuniko.
- Paketi za ORS (ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), kipimajoto, plasta, dawa ya kidonda.
- Daftari moja la nyumba. Matumizi yake utayaona huko chini.

Na pesa. Programu nyingi hazimlipi mwenyeji, unajitolea, na chakula cha kila siku ni juu yako. Piga hesabu ya mdomo mmoja zaidi kwa miezi yote, pamoja na umeme wa feni usiku kucha. Kama hesabu inakubana, bora useme hapana sasa. Mtoto akianza kusikia manung'uniko ya unga na sukari, hatashika tena sahani kwa raha.

## Hatua ya 1: Kaeni kikao nyumba nzima

Sio wewe na mzee tu. Bibi awepo, vijana wawepo, hata huyo ami anayekuja kulala Ijumaa na Jumamosi. Manake atakayeishi na huyu mtoto ni nyumba nzima, na mmoja asiyetaka anatosha kuharibu.

Ulizaneni wazi. Nani atahama chumba? Msichana au mvulana, na kama tuna vijana wakubwa wa kiume je tuko tayari kupokea msichana? Barza ya mirungi ya jioni hapo dakani itahamia wapi? Hilo la mwisho watu hulipita kwa aibu, lakini programu hizi zina sheria kali za vileo na vya kutafuna na mtoto akionekana amekaa hapo katikati, anarudishwa kwao.

Mratibu wa programu atakuja kuikagua nyumba na anaweza kutaka cheti cha tabia njema cha kila mtu mzima anayelala hapo. Msione mmetukanwa. Fikiria ni binti yako wa miaka 16 anapelekwa kwa watu usiowajua, ungetaka wakaguliwe au la?

Mko tayari pale ambapo kila mtu amesema neno lake na aliyekuwa na shaka shaka yake imepata jibu. Kama bibi amenyamaza tu, kikao bado.

## Hatua ya 2: Makaratasi

Hapa sitakaa sana, kazi kubwa ni ya programu, lakini hakikisha mwenyewe. Tangu Januari 2024 Kenya haina viza ya zamani, mtu anaomba eTA, kibali cha kusafiri cha kielektroniki, mtandaoni kabla ya kusafiri. Sasa hiyo eTA ni ya kuingia nchini, ya kusoma ni kitu kingine, anayeingia darasani anahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka uhamiaji. Muulize mratibu imefika wapi, na usitosheke na "inashughulikiwa".

Kwako nyumbani weka nakala za pasipoti, pasi, kadi ya bima na chanjo, na kubwa kuliko zote, barua ya wazazi yenye sahihi inayokuruhusu kumpeleka hospitali atibiwe. Mtu chini ya miaka 18 kwetu ni mtoto kisheria, wewe si mzazi wake, na usiku wa homa sio wakati wa kuanza kutafuta sahihi Ulaya.

Tahadhari ya bima: kampuni nyingi za nje zinafuata ushauri wa usafiri wa serikali zao, na ushauri huo mara nyingi unatenganisha kisiwa na bara. Yaani mtoto anaweza kuwa na bima akiwa Lamu mjini na asiwe nayo akiwa ndani ya basi la Mokowe kwenda Witu na Garsen. Uliza kabla hujampangia harusi ya Malindi.

## Hatua ya 3: Ongea naye kabla hajapanda ndege

Piga simu ya video, wazazi wake wawepo na nyinyi muwepo. Muonyeshe chumba, muonyeshe choo. Ndio, choo. Kama ni cha kuchuchumaa na kata ya maji aone mapema na aelezwe, kuliko afike usiku wa kwanza ashikwe na haya mpaka tumbo limuume.

Muulize haya na uandike majibu kwenye lile daftari:

Anakula nini na hali nini, na je kuna chakula kinachomdhuru mwilini, sio asichokipenda, kinachomdhuru. Hapa uwe mkali. Sisi nazi iko kwenye wali, kwenye mbaazi, kwenye samaki wa kupaka, na hata tukisema "haina" kuna sufuria ilipikiwa tui jana. Mtu mwenye mzio wa viumbe wa baharini wenye gamba gumu kama kamba na kaa, au wa karanga, anaweza kuzibwa pumzi. Kama ana sindano yake ya dharura ujue anaiweka wapi na watu wazima wawili mjue kuitumia.

Anatumia dawa gani. Anaogelea? Ana dini gani na angependa kuifuata vipi? Anaogopa nini? Huyu wangu wa pili aliniambia anaogopa paka, hapa Lamu! Tukawa na wiki mbili za kumzoesha kwa picha kabla hajafika.

Na wewe mwambie ya kwako. Adhana ya alfajiri itamuamsha, punda watalia usiku, umeme unakatika. Msichana nguo zifunike mabega na magoti akiwa mjini. Asibebe mifuko ya plastiki ya dukani, ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017. Na mzigo: ndege ndogo nyingi za kuja kwetu zinataka kilo 15 mtu mmoja, kwa hivyo lile sanduku kubwa la kilo 23 litamgharimu Nairobi.

Ukiona ameuliza swali la upuuzi, la kama anaweza kuja na mto wake wa kulalia, furahi. Hilo ni swali la mtu anayejiona tayari ameshafika.

## Hatua ya 4: Siku mbili za mwanzo

Mfuateni uwanja wa ndege wa Manda. Asipokelewe na boti ya kukodi na mtu ambaye hajawahi kumuona. Nendeni wawili watatu, sio ukoo mzima, amesafiri siku nzima au mbili na hawezi kushika majina kumi na mbili. Jaketi la kuokolea avae toka safari ile ya kwanza, ili ajue kwenu ndio kawaida.

Usiku huo maji ya kuoga, chakula chepesi, apige simu kwao aseme amefika, alale. Pilau la kumkaribisha liwekeni mpaka Ijumaa.

Kesho yake mzungushe. Mji wa Kale ni vichochoro vilivyobanana na ramani ya simu inapotea humo. Mfundishe alama: Usita wa Mui unaokata mji kwa urefu, Ngome pale Mkunguni, jeti, msikiti wa mtaa wenu. Kisha mpe ile siri ya watoto wote wa Lamu, ukipotea fuata mtaro wa maji, yote inateremkia pwani, ukifika baharini umeshajua uliko. Mpime siku ya pili, mwache Mkunguni na mtoto wa nyumbani amfuate nyuma kwa mbali, aje mwenyewe mpaka mlangoni apige hodi.

Laini ya simu chini ya miaka 18 inasajiliwa na mzazi au mlezi, kwa hivyo mratibu ashughulike nayo. Namba zako, za mratibu, 999 na 112 za dharura, na 116 ya watoto, ziandikwe kwenye karatasi pia, simu huisha chaji.

Na saa! Msomeshe saa ya Kiswahili siku ya kwanza na umrudie siku ya pili. Wa kwangu wa kwanza niliambiwa na shule boti ya safari ya darasa ni saa mbili, nikamwambia saa mbili, akaandika mbili. Darasa likaondoka asubuhi, yeye saa nane mchana yuko jeti na begi lake na chupa ya maji, jua la utosi, anangoja. Alilia pale na mimi nikalia nilipomkuta. Tangu siku hiyo kwenye daftari naandika "saa mbili asubuhi, simu yako itaonyesha 8:00".

## Hatua ya 5: Siku ya tatu, mpe kazi

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fanya hivyo hivyo, siku ya tatu isipite. Watu wengi wanakwama hapa, wananiambia "ntamtumaje mtoto wa watu?" Utamtuma, kwa sababu asiyetumwa hana nafasi ndani ya nyumba. Anakaa kitini anatazama wenzake wakihangaika, hajui ainuke au akae, mwisho anaona afadhali chumbani na simu.

Nitaeleza ilivyokuwa kwangu kwa binti wa Kijerumani, wa pili huyo. Siku ya tatu mama mkwe alikuwa kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, anataka kukuna nazi ya mbaazi, nikamwita yule binti nikamwambia kaa kwenye mbuzi. Akakaa upande upande, akachubua kidole gumba, nazi akaisukuma mpaka ikafika kwenye kifuu ikaanza kutoka ya kahawia na tui lote lingekuwa na rangi. Nikataka kumpokonya. Mama mkwe akanikata jicho, akachutama mbele yake, akamshika kiganja juu ya kifuu akazungusha naye, hakuna Kijerumani hakuna Kiingereza, anamwambia tu zungusha, usisukume, ukiona weupe umekwisha wata, yaani acha. Nazi mbili zilichukua karibu saa nzima. Usiku ule mbaazi zilipoletwa alionja, akainua kichwa akasema "mimi", kwa Kiswahili, akionyesha sinia. Toka hapo nazi ilikuwa yake, na akirudi shule anapita jikoni kwanza kabla ya chumbani.

Kwa hivyo chagua kazi hivi. Iwe ya kila siku, sio ya mara moja kwa wiki. Iwe ya kufanya na mtu pembeni, sio peke yake. Na iwe ina matokeo yanayoonekana na nyumba nzima, mfano kukanda mahamri, kutandika jamvi na kutenga sinia, kumpeleka mdogo madrasa na kumrudisha. Mvulana naye vile vile, asije akawa anaosha vyombo msichana tu kwa sababu mvulana ni "mzungu".

Kuna mpaka hapa, usiuvuke. Mtoto huyu si mfanyakazi wa nyumba. Kazi yake isizidi ya mtoto wako wa rika lake, asikae nyumbani kulea badala ya kwenda shule, asifanyishwe kazi ya dukani kwako.

Utajua hatua imekaa siku atakayofanya kazi yake bila kukumbushwa, au siku atakayolalamika kuwa amechoka leo afanye mwingine. Na hilo pia ni zuri, mgeni halalamiki.

## Hatua ya 6: Sheria za nyumba, kwa maandishi

Sheria zisizosemwa ndizo zinazogombanisha. Mtoto wako amezizoea toka tumboni, huyu hazijui. Kaeni naye wiki ya kwanza, ziandikeni kwenye daftari kwa lugha anayoielewa, zisizidi kumi, na kila moja mpe sababu. "Ndio adabu" si sababu kwake.

Kurudi nyumbani. Kabla ya maghrib, na ikichelewa anapiga simu. Sababu, giza likiingia sisi tunaanza kumtafuta.

Picha. Hii naisisitiza sana. Siku ya kuvishwa bi harusi jirani yetu wanawake tulikuwa ndani, mabuibui yametundikwa, nywele wazi, hina mikononi, na mwanafunzi wangu wa tatu kwa furaha yake akapiga picha akaziweka mtandaoni. Hakuwa na nia mbaya, kwao harusi inapigwa picha na kila mtu. Ilibidi niende nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kuna mama mmoja mpaka leo salamu zetu ni fupi. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia kabla. Andika hivi: hapigi picha mtu bila kumuomba, ndani ya nyumba hakuna picha ya mwanamke kwenda mtandaoni, msikitini na mazikoni simu ikae mfukoni.

Bahari. Haogelei peke yake hata kama kwao ni bingwa wa bwawa. Mkondo kati ya Lamu na Manda una nguvu maji yanapopwa na siku za bamvua ndio zaidi, na bwawa halifundishi mkondo. Wakati wa kusi mawimbi ya Shela yanageuka. Aende na mtu mzima anayeijua bahari, saa ya maji kujaa, na akikokotwa asipigane na mkondo kurudi pale pale, akate kwa pembeni kuelekea nchi huku akipunga mkono.

Watu wa pwani. Atafuatwa na vijana wa kumpeleka kwa mashua, kumuonyesha mji, kumfundisha Kiswahili. Wengi ni watafutaji tu wa riziki yao halali. Lakini kanuni iwe moja: hapandi chombo cha mtu ambaye nyumbani hawamjui, iwe mashua au bodaboda, na yeye mwenyewe haendeshi chombo cha moto chochote, programu nyingi zinakataza.

Pesa. Hii ni sheria yenu nyinyi, sio yake. Asiombwe. Asikopwe, asiambiwe wazazi wake wamsomeshe mtoto wa fulani, na majirani wakileta barua za kuomba wafadhili mzirudishe nyinyi kabla hazijamfikia. Nimeona urafiki mzuri wa miezi mitano ukiharibika kwa elfu mbili.

Dini. Asivutwe. Akitaka kufunga siku moja ya Ramadhani ajaribu, asipotaka apikiwe chakula cha mchana bila kununiwa, ila ale ndani sio barabarani. Akitaka kwenda kanisani muonyeshe lilipo. Maulidi ya Mfungo Sita nenda naye akaone zefe, yale maandamano, na mbio za punda, atapenda, lakini asilazimishwe chochote.

## Hatua ya 7: Tumbo na homa

Wiki mbili za mwanzo tumbo lake linajifunza maji yetu. Maji ya kunywa na ya kusukutulia meno yawe yale yale masafi, ya birika, lile tangi la bafuni, ni ya kuoga. Barafu za juisi ya barabarani azingoje kwanza. Akiharisha mpe ORS, na ikiwa hamna chemsha maji, pima lita moja yakishapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Damu kwenye choo, homa, au kashindwa kuweka maji tumboni, hiyo ni hospitali sio jikoni.

Malaria ipo pwani yetu. Wengi wanakuja na vidonge vya kuzuia, usimwache aache katikati kwa sababu eti sisi hatumezi. Muulize ni vidonge gani, doksisaiklini kwa mfano inafanya ngozi iungue jua haraka, basi kofia na mikono mirefu. Homa yoyote baada ya wiki ya kwanza apimwe siku hiyo hiyo. Usimpe panadoli ukasubiri kesho, sisi wakubwa tunafanya hivyo na tunakosea, na mwili wake haujawahi kukutana na malaria hata mara moja. Baada ya matibabu mjulishe mratibu, naye awajulishe wazazi, usiwafiche ukidhani unawapunguzia hofu.

## Hatua ya 8: Shule

Mwaka wetu unaanza Januari, wa kwao mara nyingi Septemba, kwa hivyo ataingia katikati ya masomo. Nenda naye siku ya kwanza mpaka kwa mwalimu wa darasa, umtafutie mwenzake mmoja wa kukaa naye, na sare iwe imeshashonwa. Usitarajie maksi kubwa. Somo la Kiswahili litamtesa, jioni nusu saa na mtoto wenu wa msingi na vitabu vyake vya darasa la pili inamsaidia kuliko mwalimu wa kulipwa, nimeona mara tatu.

Kama amechapwa, ameguswa vibaya au amedhihakiwa mpaka hataki kwenda, usilimalize kimya kimya na shule kwa kuogopa kugombana na watu. Mratibu aambiwe siku hiyo.

## Hatua ya 9: Ile wiki ya tatu

Itakuja, inaweza kuwa ya tatu, ya tano, hata baada ya mwezi wa pili. Alikuwa anakula, hali. Alikuwa anacheka, anajibu neno moja. Analala mchana, anakaa na simu akiongea na kwao mpaka usiku wa manane. Nyumba nyingi zinadhani zimechukiwa, zinaanza kujitetea, zinanunua soda na chipsi. Anakumbuka kwao basi. Na ubongo umechoka kutafsiri kutwa kucha.

Fanya hivi. Usimuulize "una nini?" mbele za watu. Mchukue mtembee, ufuo wa Shela jioni kwa miguu unatosha, mwende kimya, ataongea akifika nusu ya njia. Simu za kwao zipangiwe siku na saa, mara mbili kwa wiki mfano, manake mtu anayelala Lamu na kuamka Berlin hatafika popote, lakini usimnyang'anye simu. Siku moja apike yeye chakula cha kwao na nyumba nzima ikile, hata kama viazi havina chumvi. Na ile kazi yake ya hatua ya tano usimpunguzie kwa huruma, hiyo ndiyo inayomtoa chumbani.

Kuna dalili ambazo si za kukumbuka kwao. Anaogopa kubaki na mtu fulani, amebadili njia ya kupita ndani ya nyumba, anafunga mlango kwa kiti, ana majeraha asiyoyaeleza. Hapo mwamini kwanza, mtoe karibu na huyo mtu usiku huo huo hata akiwa ni ndugu yako wa damu, na piga mratibu na 116. Hakuna kikao cha wazee cha kulimaliza hili. Naandika kwa uzito kwa sababu heshima ya ukoo imeshawahi kuwekwa juu ya mtoto, na mtoto ni amana.

Kama ni upweke wa kawaida utaona unapungua kwa siku kumi hadi wiki mbili. Dalili ya kupona ni ndogo, anaanza kugombana na watoto wako kuhusu feni.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Anza wiki mbili kabla. Aage mwenyewe nyumba kwa nyumba, awarudishie watu vitabu na leso alizoazima, akamshukuru mwalimu. Muandikie wazazi wake barua fupi ya vitu ambavyo yeye hatawaambia, ameanza kula nini, anaogopa nini na ameacha kuogopa nini. Na uwaandikie hivi pia: akipata homa hata miezi kadhaa baada ya kurudi wamwambie daktari alikuwa pwani ya Kenya.

Pima mizigo nyumbani, kilo 15 zile zile, na safari hii kuna zawadi. Gamba la kasa asibebe, ni kosa la jinai, na makombe ya pwani ayaache hapa hapa. Achari ifungwe chupa ndani ya chupa katikati ya nguo. Na kama kuna mtu wa nyumbani amemchongea mbuzi ya nazi, kama mama mkwe alivyomwagizia yule binti kwa fundi, ule ulimi wa chuma uviringisheni kwa gazeti na kitambaa nene na iingie kwenye sanduku la chini ya ndege, sio begi la mkononi, wa kwetu nusura uchukuliwe pale pale Manda.